Mama amempigia kiongozi wa kikundi

Ndugu yangu, uso wangu sijui niuweke wapi.

Unakumbuka nilivyohubiri habari za Musa na Yethro, mkwewe aliyemshauri asibebe shida za watu wote peke yake, nikagawa kanisa kwa vikundi vya watu kumikumi? Nikasema kila shida ianzie kwa kiongozi wa kikundi, mchungaji asisumbuliwe ovyo.

Leo mama ameanguka bafuni. Mama yangu mzazi! Kajikokota mpaka kwenye simu, akampigia kiongozi wa kikundi chake. Si mimi. Kiongozi wa kikundi!

Huyo ndiye aliyeniambia. Nimefika hospitali nahema. "Mama, mbona hukunipigia?"

"Si ulisema usisumbuliwe, mwanangu?"

Hata kukasirika hakukasirika. Alikuwa anamtii mchungaji wake.