Nikingoja Toleo la Nne

Jumatatu, 3 Machi

Wameahirisha tena. Mara ya tatu hii.

Barua pepe ya kampuni imeingia saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya somo la gitaa na yule mama wa benki. Nimeisoma kwa jicho moja, nikabonyeza vibaya nyuzi za kodi rahisi kuliko zote mbele ya mwanafunzi wangu. "Toleo la nne linahitaji muda kidogo zaidi. Tunathamini uvumilivu wenu." Uvumilivu upi? Nani kawaambia ninao?

Hiki kisanduku cha kuchomeka gitaa nilikinunua Novemba kwa sababu moja tu. Ndani kina sauti mia mbili za amplifaya za kuigiza, na mimi sihitaji hata tano. Nilichoahidiwa ni kwamba apdeti ya programu yake, toleo la nne, itakiwezesha kunakili amplifaya halisi, yoyote ile. Unaweka maikrofoni mbele yake, kisanduku kinaisikiliza, kinaihifadhi. Yoyote — maana yake na ya Baba. Walisema Desemba. Leo ni Machi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeibeba amplifaya ya Baba mpaka kwa fundi redio. Mgongo wangu utanidai wiki nzima. Fundi akafungua nyuma, akawasha, akazima taa ya chumba. Mle ndani mna vile vitaa vya kioo, valvu, vinne. Vitatu viliwaka rangi ya chungwa. Cha nne kilikuwa kinapepesa.

Akasema, mama, hii imechoka, sasa ni ya kuhesabu saa. Nikamwuliza ngapi. Ishirini, labda thelathini, mimi si Mungu. Valvu za aina hiyo hakuna anayezitengeneza tena. Miezi miwili aliitafuta kwa ajili ya mteja mwingine, akapata moja, nayo ilikuwa imekufa ndani ya boksi lake.

Saa ishirini. Na Baba anaiwasha kila siku, saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni.

Tangu apate kiharusi mwaka juzi, mkono wake wa kushoto haubonyezi nyuzi. Basi anakaa pembeni ya amplifaya, gitaa mapajani, anavuta uzi mmoja mtupu kwa mkono wa kulia. Anasikiliza mpaka sauti iishe yote. Anavuta tena. Miaka thelathini alipiga kwa amplifaya hiyo. Watu walikuwa wakiisikia kutoka barabarani wanajua ni yeye, kabla hawajamwona. Ndiyo iliyotusomesha, mimi na Kaka.

Nimemweleza habari ya valvu, nikamwomba apumzishe kidogo, mpaka apdeti itoke. Akacheka. "Mama," akasema — huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake — "kama ni kufa, si ife ikiwa kazini."

Yeye anacheka. Mimi ndiye nitakayebaki bila sauti yake. Hilo halifikirii.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeuficha waya wa umeme wa amplifaya.

Uko kabatini kwangu juu, ndani ya begi la mashuka ya zamani. Si waya wa kawaida kama wa birika. Una ncha nene za mviringo, dukani hupati. Bila huo hawashi kitu.

Saa kumi alianza kuutafuta. Chini ya kochi kwa fimbo, nyuma ya televisheni, kwenye kikapu cha magazeti. Akaniuliza kama nimeuona. Nikasema sijauona, labda uliuweka mahali. Maneno yalitoka mepesi kabisa, kama ya mtu anayeulizwa chumvi iko wapi.

Ni wiki moja tu. Mbili zikizidi sana.

Jumanne, 11 Machi

Nimeingia kwenye ukurasa wa watumiaji. Kumbe wapo waliokwisha kupewa toleo la nne! Wajaribu, wanaitwa. Mmoja kanakili spika ya redio ya gari lake, kwa kujifurahisha tu. Kaweka na picha, kidole gumba juu. Redio ya gari! Na mimi hapa nina amplifaya inayokata roho.

Nikawaandikia kampuni barua ndefu. Nimewaeleza habari ya Baba, ya kiharusi, ya valvu ya nne, kila kitu, nikaomba na mimi niwe mjaribu. Nimejibiwa baada ya dakika mbili. Asante kwa maoni yako. Je, umejaribu kukizima kifaa na kukiwasha tena?

Nimelitupa kopo la kalamu ukutani. Kalamu nimeziokota mwenyewe.

Baba bado anatafuta. Leo nimemkuta amefungua friji, amesimama tu, anaangalia ndani.

Ijumaa, 14 Machi

Mazoezi ya bendi. Nilipiga kwa kisanduku, sauti namba arobaini na moja, inayodaiwa kukaribia ya Baba. Mpiga besi kasema siku hizi sauti yangu ni safi sana. Safi, kama korido ya hospitali. Akasema tena, nyimbo zote unazipiga kama unamgombeza mtu, kuna nini nyumbani?

Nikamwambia angalie besi yake.

Jumatano, 19 Machi

Kaka kapiga simu kutoka kazini, sauti ya chini. Baba kamwambia kwamba anaanza kusahau. Kwamba kuna waya aliuweka mahali kwa mkono wake mwenyewe, na kichwa hakimwambii wapi. Anaogopa kiharusi kimemrudia kimyakimya. Kaka keshamwekea miadi kwa daktari wa mambo ya kumbukumbu, Jumatatu asubuhi.

"Mdogo wangu, wewe ndiye unakaa naye. Hujaona chochote?"

Hapo ndipo pa kusema. Nikamfokea badala yake. Nikamwambia anakuja mara mbili kwa mwaka na mkate mkononi kama mgeni, halafu anajifanya ndiye anayemjali Baba. Akasema haya, nitampitia Jumatatu saa mbili, akakata.

Nilipoingia chumbani kwa Baba kuchukua vikombe, nikaona karatasi imebandikwa ukutani juu ya kitanda. Mwandiko wake, umelala upande. *Miwani — dirishani. Dawa — droo ya juu. Fimbo — nyuma ya mlango.* Na chini kabisa: *Waya —* halafu pako wazi.

Nina hasira na kampuni, na Kaka, na fundi, na kila aliyenakili redio ya gari. Nikizihesabu zote bado kuna moja inabaki haina pa kwenda.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nilipanda kiti. Nikautoa waya kwenye begi. Nikawa nao mkononi, nimekwisha kupanga maneno, Baba, ulikuwa kwenye mashuka, sijui umefikaje huko. Uongo mwingine, lakini angalau angelala.

Simu ikalia kitandani. Ujumbe wa kampuni. Toleo la nne litatoka rasmi Jumatatu.

Nimeurudisha waya. Siku nne tu.

Jumatatu, 24 Machi

Baba aliamka mapema, akavaa shati jeupe. Nilimfunga vifungo vya mkono wa kulia, vile asivyoviweza. Alikuwa anarudia kwa sauti ndogo: leo Jumatatu, tarehe ishirini na nne, mwezi wa tatu. Akaniuliza, "Wataniuliza na nini kingine?" Nikasema sijui, Baba. Kaka alimshika mkono mpaka kwenye gari. Mimi hakunisalimia vizuri, na haki yake.

Saa nne na dakika kumi apdeti ikaingia. Imechukua robo saa. Nimejifungia chumbani kwangu kwa ufunguo, nimeweka amplifaya katikati, maikrofoni mbele, nimeutoa waya, nikauchomeka. Iliguna, ikapata moto. Valvu ya nne ikapepesa, ikakaa. Kisanduku kikaanza kuilisha sauti zake — miluzi, mikwaruzo, mlio mmoja mzito wa kutikisa dirisha. Dakika tano nzima. Amplifaya ikavumilia. Halafu kioo cha kisanduku kikaandika: *Inachakata. Usizime kifaa wala amplifaya. Dakika 12.*

Nilikaa sakafuni nikalia kidogo. Nilidhani ni furaha.

Halafu geti. Nilisikia gari la Kaka likiondoka, na fimbo ya Baba ikija koridoni. Alikuwa anaongea tangu mlango wa mbele: "Mama! Nimefaulu. Maswali yote. Daktari kasema kichwa hiki ni kizima, hakina shida yoyote, kwa umri huu anashangaa." Sijamsikia na sauti hiyo tangu kabla ya kiharusi.

Halafu fimbo ikasimama. Amplifaya ina ule mngurumo wake ikiwa imewashwa bila kupigwa. Mtu mwingine angedhani ni friji.

Kitasa kikashuka. Kikapanda. Mlango umefungwa.

"Umeupata wapi?" akauliza. Hakupandisha sauti.

Daftari hili lilikuwa mezani, nikalichukua, naandika ili mikono ifanye kitu. Dakika tisa. Nasikia anaburuta kiti cha mezani, kwa mkono mmoja, kinagonga ukuta. Amekiweka mlangoni. Amekaa.

Dakika saba. Nikizima sasa, kila kitu kinapotea na sijui kama valvu itawaka mara ya pili. Nikifungua, itabidi niseme huku inachakata. Nikikaa kimya, ninakaa kimya kwa mtu aliyetoka kupimwa akili kwa sababu yangu.

Dakika tano. Anavuta pumzi kwa nguvu, kama anapopanda ngazi.

"Tarehe nane," amesema, karibu kabisa na mlango. "Jumamosi. Saa kumi jioni nilikuuliza, ukaniambia labda niliuweka mahali. Daktari nilimwambia hivyo hivyo, neno kwa neno. Mimi nakumbuka, mama. Sasa sema wewe."

Dakika tatu. Ufunguo uko upande wangu.