Mkongojo Uliotangulia

4 Juni

Mpwa wangu Chiriku,

Habari za siku nyingi? Hujambo na kazi za huko? Mimi nipo, napumua, ingawa kifua siku hizi kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu nyumba nzima inasikia, na masikio ya kaka yako unayajua.

Kaka yako huyo, mwanangu na dereva wetu, ameahidi kunileta huko hija mwishoni mwa mwezi. Nitafutie kitanda hapo nyumba ya mahujaji unapofanya kazi: chumba cha chini, karibu na choo. Ngazi siziwezi. Na chai uniwekee sukari, vijiko vitatu. Huku nimenyimwa, utadhani nina ujana wa kulinda.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Watoto wananileta nikaombe kupona. Wameshanifundisha hata maneno ya kusema mbele ya Bikira. Mimi, mpwa wangu, siji kuomba kupona. Nakuja kuomba ruhusa ya kuondoka. Nimechoka. Kila nikijaribu kumwambia mwanangu, ananikatiza: "Baba, usiongee hivyo." Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, safari inapokaribia mwisho naijua. Nakuungamia wewe ili angalau mtu mmoja ajue kabla sijafa.

Mjomba wako


11 Juni

Shikamoo Mjomba,

Kifua kinasemaje? Huku tu wazima. Barua yako niliisoma chumba cha kupigia pasi, nikayalilia mashuka ya masista, ikabidi niyapige pasi upya. Siri yako ninayo. Chumba chako kinatazamana na choo. Ukikohoa tu umefika.

Lakini Mjomba, mbona ulikuja bila kuniambia? Huku anayepona huacha mkongojo wake, anautundika kwenye chuma kilicho ukutani kanisani, kando ya sanamu ya Bikira. Kuifuta vumbi mikongojo hiyo ni kazi yangu. Jumamosi iliyopita nikaukuta wako: mpini umevishwa mpira wa baiskeli, chini yake waya wa shaba, na alama za meno ya mbwa wenu palepale. Nikamuuliza mzee wa sakristia, anayetunza vyombo vya kanisa.

"Kauacha mzee mmoja mrefu," akasema. "Kakaa benchi la mwisho, hakusali, hakuimba. Kaniuliza tu kama hilo benchi lina mwenyewe."

Nimenuna. Mnapita na kaka, hata salamu?

Mpwa wako, Chiriku


18 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na acha kununa. Sijavuka kizingiti tangu Pasaka. Mkongojo wangu upo hapa, umeegemea meza hii ninayoandikia. Nimeugusa sasa hivi ili nisikudanganye.

Barua yako ilinichekesha. Kisha leo asubuhi nesi anayekuja kunichoma sindano kaokota viatu vyangu uvunguni. "Nani kampeleka babu matembezini?" Soli zimejaa udongo mwekundu, bado mbichi. Hapa kwetu udongo ni mweusi, mwekundu ni wa huko kwako, na hilo sihitaji kufundishwa na mtu. Kama kuna anayetembea badala yangu, angalau angefuta viatu.

Mwanangu ameahirisha safari. Daktari kamwambia njia itaniua, basi anasema tungoje nipate nguvu. Nguvu zipi? Akirudi huyo wa benchini, usimkimbie. Muulize ameomba nini.

Mjomba wako


24 Juni

Shikamoo Mjomba,

Unaendeleaje? Mimi si mzima sana, chakula hakipiti.

Amerudi. Jana, mchana kweupe, kanisa halina mtu. Ni wewe, Mjomba: shati la kijivu, kile kifungo kisichofanana na wenzake. Nikampelekea chai, sukari vijiko vitatu, kwa sababu sikujua mikono yangu niifanyie nini. Nikamuuliza, "Mjomba, umeomba nini?"

"Bado," akasema, kwa sauti yako kabisa. "Mimi nimekuja kushika nafasi. Maneno anayo mwenzangu."

Niligeuka kumtafuta mzee wa sakristia aje aone. Kurudisha macho, benchi tupu. Chai haikuguswa, imefanya utando. Mkongojo bado umetundikwa. Sijui nikuambie uje au usije.

Mpwa wako


30 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nakuja.

Nimemwambia mwanangu. Alipoanza ile "Baba, usiongee" yake, nikapiga meza kama zamani darasani, akaketi. Nikamweleza ninachokwenda kuomba. Akatoka nje akaosha gari ambalo lilikuwa safi. Akarudi macho mekundu: "Tunaondoka Ijumaa. Ukaombe unachotaka, Baba. Ila usiniambie nipige magoti na wewe." Inanitosha.

Mkongojo leo hauonekani. Wamepekua nyumba nzima, wanamshuku mbwa. Mimi simshuku. Wewe usiutoe hapo ukutani. Na huyo wa benchini mwambie asogee kidogo.

Mjomba wako


6 Julai

Mjomba,

Leo sikuulizi hali.

Kaka anasema mlipouona mnara wa kanisa ulimwambia apunguze mwendo. Ukatikisa midomo kidogo, ukamshukuru, ukaegemea dirisha. Alidhani umelala. "Sikumkatiza," ananiambia. Analirudia hilo tu, tangu jana.

Sijamwambia nilikokuwa. Nilikuwa kanisani, nimekuwekea chai mwisho wa benchi la mwisho. Yeye alikuwepo. Nikamfikishia ulivyoniagiza: "Mjomba anasema usogee." Akatabasamu, akasogea. Benchi likalia kama linavyolia mtu mwingine akikaa. Mara nikasikia honi ya kaka getini, ndefu, haikatiki. Nikakimbia.

Niliporudi palikuwa patupu. Mkongojo upo ukutani, na mzee wa sakristia ameapa hautahamishwa. Kikombe kilikuwa kikavu, kimebaki na sukari kidogo chini. Sijakiosha.

Barua hii nitaitia mfukoni mwa shati lako la kijivu kabla hawajafunga jeneza. Viatu vyako nimevifuta mwenyewe.

Mpwa wako, Chiriku