Ng'ombe Niliyempa Mama Yako

Golbanti, Mto Tana
Jumatano, 9 Novemba 1898

Mpendwa ndugu yangu Jilo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mombasa, wewe na mkeo Halima, na kwamba kazi ya reli haijakuvunja mgongo. Mimi ni mzima wa mwili, na nyumbani kwangu wote ni wazima. Mama yako, shangazi yangu Darmi, bado anaumwa, na habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Barua yako ya tarehe 3 Oktoba niliipata tarehe 27. Unanishukuru kwa kumpa mama yako ng'ombe wa kukamua, na unasema utamleta Halima mwezi ujao ajifungulie kwa mkwewe, apate maziwa ya kutosha. Ndugu yangu, usimlete. Soma mpaka mwisho ujue sababu, kisha unihukumu.

Mvua za vuli zimeanza. Mto umepanda na njia ya Garsen ina matope mpaka magotini. Wapokomo wa Hewani wanafurahia maji hayo kwa ajili ya mpunga wao. Naona naandika habari za mto ili nichelewe kuandika zangu. Basi na nianze.

Unajua sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ilituachia nini. Baba alikuwa na ng'ombe ambao hatukuwa tukiwahesabu, wakabaki wanne. Katika uzao wa hao wanne nilikuwa na wawili wa maziwa mwaka huu, mweusi na yule wa madoa tunayemwita Madoa. Huyu Madoa alitupa mimba Februari 1896, akatupa tena Machi 1897. Wazee wetu husema ng'ombe wa namna hiyo hatoki zizini kwa mwenyewe, wala hapewi mtu. Nilisikia maneno hayo tangu utotoni, nami baada ya kusoma nikayahesabu kuwa hofu za wazee.

Tarehe 11 Aprili mwaka huu alizaa ndama mzima. Nilifurahi mno. Lakini kondo la nyuma halikutoka, na mchungaji wangu Bule akaingiza mkono mtupu akalivuta. Baada ya wiki tatu Bule alishikwa na homa. Ilikuja jioni ikaondoka asubuhi, jasho likimtoka mpaka ngozi anayolalia ikalowa, na kiuno kikimuuma hata hawezi kuinama. Wiki iliyofuata mkewe, aliyekuwa akimkamua Madoa, naye akalala kwa homa ileile. Yote haya niliyaandika katika daftari langu kwa tarehe zake. Niliitazama ile mistari pamoja, nikaelewa kwamba ugonjwa unatoka kwa Madoa. Sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba watu watayakataa maziwa ya zizi langu na kusema mali ya baba imeoza mikononi mwa msomi.

Wakati huohuo mama yako hakuwa na tone la maziwa. Ilikuwa juu yangu kumpa ng'ombe wa kukamua, kama desturi yetu ilivyo kwa ndugu asiye na kitu. Jilo, nilikuwa na wawili. Mmoja nilimjua kuwa mzima, na mwingine nilitamani aondoke kwangu. Nilimpa Madoa.

Siku ile walikuja wazee. Mama yako alikaanga buni kwa samli, kama tufanyavyo siku ya baraka, na mzee Dadacha akaniwekea mkono kichwani akasema, "Mkono wa baba yake haukuzikwa naye." Watu wakaitikia. Kisha mama yako akakamua kibuyu cha kwanza, akaniletea mimi ninywe kabla ya wote.

"Nimekunywa nyumbani, shangazi," nikasema.

"Mwacheni," akadakia Hirbo, jirani yetu, "msomi hunywa wino!"

Wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Kibuyu kikapita kwangu kikaenda kwa wengine. Namshukuru Mungu kwamba siku ile walionja tu, na hakuna aliyeugua. Mama yako ndiye aliyebaki kumkamua na kunywa maziwa yake kila siku.

Mwezi wa Agosti akaanguka, kwa homa ileile ya Bule. Siku nyingine huamka akatembea mpaka mlangoni, sote tukasema amepona, kisha inarudi. Amekonda, na vidole vyake havikunjiki vizuri.

Septemba nilimwendea nikamwomba anirudishie Madoa nimpe mwingine. Alinitazama kwa uchungu. "Nimemkosea nini? Amekonda? Ana kidonda?" Unajua kwetu ng'ombe aliyetolewa hadaiwi, ila kwa mtu aliyeshindwa kumtunza. Niliondoka bila ng'ombe. Majirani wakasema nimejutia ukarimu wangu. Nikaona afadhali niitwe bahili kuliko kuitwa nilivyo. Nilichoweza kusema ni kwamba ayachemshe maziwa. Hirbo alipita kila boma akitangaza kwamba Galgalo anataka tupike maziwa kama uji. Mama yako naye alisema maziwa ya moto hayagandi wala hayana siagi, akaendelea kuyanywa kama alivyozoea.

Ndipo ikaja barua yako. Nilipofika penye jina la Halima na mimba yake, niliiweka chini. Nilimkumbuka Madoa na zile mimba mbili. Sijui kama ugonjwa unaomtupisha ng'ombe mimba unaweza kumtupisha mwanamke, na hakuna wa kuniambia. Lakini kutojua si ruhusa ya kunyamaza tena.

Jumapili tarehe 30 Oktoba nilikwenda kwa mama yako nikamweleza yote. Alikuwa amelala, nami nimekaa chini karibu naye. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akaniagiza nikalilete daftari. Nikalileta. Akasema, "Soma." Nikasoma mimba ya kwanza iliyotupwa, ya pili, mkono wa Bule, homa yake, homa ya mkewe.

"Na siku uliyonipa mimi, uliandika nini?"

Nikafunua. "Tarehe 20 Mei. Nimempa shangazi Darmi ng'ombe. Watu wamefurahi sana."

"Basi?"

"Basi, shangazi."

"Bule hayumo?"

"Hayumo."

Akalisukuma daftari pembeni. "Watu wengine huwadanganya wenzao, Galgalo. Wewe umekwenda kulidanganya hata karatasi lako." Kisha akanigeuzia mgongo, na kwa mgongo huo akaniambia, "Mwandikie mwanangu wewe mwenyewe. Na wazee mimi sitawaambia. Hiyo ni kazi ya mdomo wako."

Siku ileile nilimrudisha Madoa zizini kwangu na kumpelekea mama yako yule mweusi, ambaye hajawahi kutupa mimba. Madoa nimemtenga, hakuna anayemkamua. Hirbo, asiyejua sababu, ananishauri nimpeleke Lamu nikamuuze. Nimekataa, kwa maana huko pia kuna mama wa mtu. Nitamchinja na kumfukia pamoja na ngozi yake, nami nitafunga mikono kwa vitambaa, nisimtume Bule wala mtu mwingine.

Halima na abaki kwa mama yake, na hata huko Mombasa mchemshe maziwa kabla ya kunywa. Sina hakika kama moto unatosha. Najua tu kwamba nyumbani kwa Bule walianza kuyachemsha mkewe alipougua, na watoto wao hawakuugua.

Fedha uliyotuma imefika. Nimemnunulia mama yako asali na shuka zito. Mke wangu Sabdio hulala kwake na kumkanda viungo, naye sasa anajua yote. Hanisemeshi sana.

Limebaki moja, nalo ndilo linalonichoma zaidi. Wazee wamesikia habari ya ng'ombe mweusi. Hawajui sababu. Wanasema mtoto wa ndugu amempa shangazi yake ng'ombe wawili katika mwaka mmoja, jambo lisilosikika tangu sotoka. Ijumaa wanakuja kunibariki. Mama yako ameagiza buni zikaangwe, naye atabebwa aketi mbele, anitazame. Nimeazimia kusema kabla mzee Dadacha hajainua mkono. Najijua, Jilo. Siku ile ya Mei pia ulimi ulikuwa kinywani mwangu. Kwa hiyo nimekuandikia leo, na barua hii nampa Dhadho, Mpokomo anayeshuka na mtumbwi kesho alfajiri kwenda Kipini. Ikishatoka mkononi mwangu, atakuwapo mtu mwingine anayejua, nje ya boma letu, na Ijumaa sitakuwa na pa kurudi.

Mama yako anakusalimu, na anamwambia Halima asibebe maji. Bule anakusalimu, ameanza kuchunga tena kwa kujikongoja. Sabdio na watoto wanakusalimu. Nasi tunamsalimu Halima kwa heshima, pamoja na wazazi wake.

Mungu amfungue Halima salama, akupe mtoto atakayekaa, na amwinue mama yako kutoka kitandani. Kwangu mimi omba utakachoona kinafaa.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye, nisiyethubutu leo kuomba unipende,

Galgalo