Nzuri, Ila

Kaka,

Yule niliyemwita Pacha, mwenzangu wa zamu kwa miaka kumi na moja, alijitoa uhai Jumatatu iliyopita asubuhi, kabla ya gwaride.

Watoto hawajambo. Paa nimeliziba.

Ijumaa iliyotangulia mkuu wa kituo alipita mstarini akituuliza habari, nasi tukajibu nzuri. Pacha akasema, "Nzuri, afande, ila..." Mkuu alikwisha kufika kwa mtu wa tatu. Nikamnong'oneza, "Ila mke kakunyima chakula?" Mstari mzima ukacheka, na yeye akacheka.

Baada ya mazishi tuliletewa mshauri kwa dakika ishirini. Tuko thelathini na sita. Piga hesabu, ni sekunde thelathini na tatu kila mtu. Alipouliza nani ana neno, tulitazama viatu.

Jana nilirudisha bunduki ghalani, nikaandika kwamba ina kasoro. Haina kasoro, Kaka.

Kazi hii niliipata bila mkono wa mtu. Mara mbili nilitaka kuiacha, ukanikataza, nikakutii. Nyumba yako ina vyumba vinne na watu wawili. Nije na watoto, ndiyo au hapana? Nijibu kabla ya Ijumaa saa mbili asubuhi, maana saa hiyo nitakabidhiwa bunduki nyingine.

Mdogo wako,
Sajini