Kisanduku cha Dini ya Shuka

Jumatatu, 4 Machi

Foleni hadi mlangoni, kompyuta inagomagoma. Saa nne mfuaji kaja mbio hapa masjala: kaenda stoo kuchukua mashuka ya wodi ya wazazi, juu ya rundo kakuta mtoto. Wa kike. Mzima, kimya, anatazama taa. Kilo mbili na gramu mia nane. Kitovu kimefungwa kwa uzi wa kushonea — aliyemfunga alijua anachofanya.

Wauguzi wamekwisha kumpa jina. Shuka.

Fomu yake nimejaza mimi, kama ninavyojaza za wote miaka ishirini na sita sasa. Mama: hajulikani. Baba: hajulikani. Anwani: hana. Dini: hana. Mfumo huu mpya haukubali kisanduku kitupu, ukiacha hata kimoja unakataa kuhifadhi. Nikachapa, nikagonga muhuri, nikaenda kunywa chai.

Jumanne, 5 Machi

Kumbe nimekosa! Metroni kaja na fomu, kaishika kwa ncha za vidole kama nepi chafu. Eti nimemwandika malaika wa watu kuwa mkana Mungu, hata kitovu hakijakauka. Nikamwambia nimeandika hana, sikuandika anakana. Kasema ni yale yale. Yale yale! Asiyeolewa na aliyepewa talaka ni yale yale? Nilitoa mfano huo makusudi. Mimi sijaolewa, yeye kaachika mara mbili.

Akaingia daktari wa watoto, yule kijana wa soksi za rangi. Tunamwita Soksi. Kajifanya wa upande wangu, anacheka: kila mtoto huzaliwa mkana Mungu, dini hubandikwa baadaye. Nani kamwita? Nikamgeukia na yeye.

"Mtoto mchanga hana meno, daktari. Umewahi kumwita kibogoyo?"

Nikamalizia. Kibogoyo alikuwa nayo, yakang'oka. Mkana Mungu naye kaitwa, kasikia, kakataa. Shuka hajaitwa hata kwa jina la maana. Metroni kaondoka na fomu yake, Soksi kakumbuka ana wagonjwa. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Jumatano, 6 Machi

Metroni kaningoja getini asubuhi. Kalala na neno langu la kibogoyo, limemkaa.

"Meno ya mtoto yapo, Bi Masjala. Yako ndani ya fizi, yanangoja siku yake."

Akaenda zake, hata salamu hakuniachia. Siku nzima nimetafuta jibu. Nawachukia watu wanaopata majibu wakiwa wamelala.

Na kinachonichoma ni hiki. Niandike hapa, maana hakuna asomaye. Kibogoyo ni mimi. Imani nilikuwa nayo, tena nzima, ya kutafunia mifupa. Mama alipolala kitandani miaka miwili niliomba mpaka magoti yakaota sugu. Siku moja katikati ya ombi nikajua nazungumza peke yangu. Sikukasirika, sikulia. Niliinuka nikambadilishia mama nguo. Hiyo ni miaka ishirini na miwili iliyopita, na mpaka leo namsindikiza dada ibadani, nasimama wanaposimama, naketi wanapoketi. Dada hajui. Nyumba ni yetu wawili tu na hajui.

Alhamisi, 7 Machi

Afisa ustawi wa jamii kapiga simu. Nyumba ya watoto ya serikali imejaa, wanalala watatu kitanda kimoja. Iliyobaki ni ile ya kilimani, ya watu wanaoabudu na dada, na hao huchukua wa dini yao tu. Msimamizi wao anakuja kesho.

Wodini kumeingia kuhara. Wawili wamehamishiwa chumba cha peke yao. Shuka inabidi atoke, hilo hata Metroni na mimi tunakubaliana. Fomu iliyogongwa muhuri hairekebishi mtu ila aliyeigonga. Kwa hiyo wote wananitazama mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeharibu.

Msimamizi alikuwa mwanamke mpole, nilikuja nimejiandaa kumchukia nikashindwa. Hakutaka makubwa. Kasema, "Andika haijulikani, mama. Mengine tutayamaliza wenyewe." Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Ningeandika! Nilikuwa nimekwisha kukata lile neno mstari.

Metroni akashusha pumzi, akasema afadhali, mtoto asije akalelewa na wale wasio na Mungu, maana hao hata mbwa huwezi kuwaachia.

Mbwa! Dawa za mama yake Metroni ziliponipita mezani zimekosewa, nani alizirudisha? Nani anamwandikia barua zake kwa wakubwa? Damu ikanipanda. Nikasema haijulikani ni uongo, maana yake dini ipo ila hatujaiona. Hana. Hana! Nikamgeukia na yule mpole asiye na kosa. Nikamwambia wao huwapiga watoto chapa kama ng'ombe kabla hawajafungua macho, halafu wakikua wanaambiwa walizaliwa nayo. Nilisema mengi. Wagonjwa wa foleni walisimama kusikiliza.

Akafunga jalada lake polepole. Kasema mtoto aliyegombewa hivi, bodi yao itauliza maswali. Labda baada ya mwezi.

Nilikuwa na haki. Hata sasa nina haki. Na Shuka bado yuko wodini.

Jumamosi, 9 Machi

Shuka anahara.

Jumapili, 10 Machi

Dripu ya kichwani. Wamemnyoa upande mmoja. Nimekwenda kumwona na ni mara ya kwanza kumgusa, tangu Jumatatu nilikuwa nagusa karatasi yake tu. Ana kisigino kidogo kuliko kidole gumba changu.

Soksi kanikuta pale. Safari hii hakucheka. Kasema laiti angetoka Ijumaa. Nilitaka kumjibu kwamba ni yeye aliyechochea kwa falsafa zake za kijiweni, lakini mdomo ulikuwa mkavu. Mdomo huu huu. Ijumaa ulikuwa na maji tele.

Nani aliyemfaa Shuka kwa lolote wiki hii? Mfuaji peke yake, na yeye hakumuuliza dini.

Jumatatu, 11 Machi

Ahueni. Dripu imetolewa, ananyonya chupa.

Saa tano nani anaingia wodini? Dada! Kavaa gauni lake la ibada na viatu vya kubana. Metroni ndiye aliyemweleza habari za mtoto. Za mtoto tu — za ugomvi hakumwambia neno. Kwa nini? Huruma ya Metroni inaniudhi kuliko matusi yake.

Dada hakuuliza dini wala baba. Kanawa mikono, kaketi, kampakata. Shuka kamkamata kidole kwa fizi zake akakiminya. Dada kacheka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mama alipokuwa hai. Kasema anamaliza kiinua mgongo chake kukaa peke yake mchana kutwa akitazama ukuta, na chumba cha mama kipo. Kasema tunamchukua. Tunamchukua, hakusema namchukua.

Nilitaka kupinga. Mimi na watoto wapi na wapi? Nikaona nimekwisha kunyoosha mikono nipewe na mimi.

Afisa ustawi kaleta fomu ya malezi ya muda. Kila mtu mzima wa nyumba anajaza sehemu yake kwa mkono wake na anaweka sahihi kuwa ni kweli. Nikamuuliza pembeni, kama mtu anayeuliza tu, kisanduku cha dini kikiachwa kitupu? Hairuhusiwi. Na mtu akiandika hana? Kasema miaka kumi na moja hajakutana na mtu wa hivyo, na kamati anaijua, haitampa mtoto. Kisha akanitazama vizuri. Nikamwambia hapa masjala tunakutana na kila aina.

Jumanne, 12 Machi

Saa moja asubuhi. Fomu inatakiwa saa tatu. Wodini wameingia wagonjwa wapya watatu usiku, Metroni kanitumia ujumbe: njooni mapema.

Sehemu ya dada imejaa, herufi za duara, hakuna hata neno lililofutwa. Yangu nimejaza jina, umri, kazi. Dini bado. Jana dada kaniambia niandike kama kawaida yetu.

Ni neno moja. Metroni angeliandika akiwa anatembea. Ijumaa nililia haki ya mtoto wa siku tano asiandikiwe uongo, karibu nimuue. Leo nikiandika ukweli wangu, namnyima kitanda mara ya pili. Nikiandika neno la dada, nitakuwa nimegonga muhuri mwenyewe, na nitamlea Shuka ndani ya nyumba ambayo mimi ndiye uongo wake. Akiota meno ataniuliza. Watoto huuliza.

Miaka ishirini na miwili najiita mkana Mungu, na sijamkana mbele ya mtu hata mmoja. Huko nako ni kukana gani?

Fomu iko hapa, chini ya daftari hili. Kalamu ni hii hii. Dada yuko mlangoni, kavaa viatu, kashika shuka jipya la kumfungia mtoto, bado lina mikunjo ya dukani. Anadhani ninajaza. Anauliza ni kisanduku gani hicho chenye maneno mengi hivyo.

Nimemwambia cha dini.

Ameweka shuka kitini. Anakuja kuangalia.