Hatua Zako Juu ya Daraja la Chuma

Bibi,

Shikamoo. Sijui mtu aliye huko anaitikiaje, lakini siwezi kuanza bila salamu.

Huna kaburi. Siku ile ulipokuwa unakwenda zahanati kutazamwa mguu, mto ulikuchukua pamoja na daraja la magogo. Tukakuswalia bila mwili. Kwa hiyo barua hii nitaichomeka kwenye vyuma vya daraja jipya, palepale.

Ungeliona! Lilikuja vipande vipande kwenye malori, mafundi wakaliunga kwa bolti. Limejaa pembetatu. Nilimwonyesha Mama kwa mabua ya mtama: mraba ukiusukuma pembeni unalala, pembetatu inagoma. Uzito wa lori unagawanyika, chuma kimoja kinavutwa, kingine kinabanwa, mpaka unafika ukingoni. Ndiyo maana ni jepesi na halina nguzo hata moja majini. Magogo ya mafuriko hayana pa kunasa. Yale yaliyokuua, Bibi, sasa yanapita chini.

Lakini linatembea.

Jua likipungua chuma husinyaa, kinalia. Hilo nalijua, tumelisoma. Ila chuma hakichechemei kwa fimbo kama wewe. Hatua mbili, kisha fimbo. Hatua mbili, kisha fimbo. Zinaanzia upande wetu, zikifika katikati zinakoma. Ukitazama, hakuna mtu.

Mama alisema ni kwa sababu siku ya kwanza watu walivuka na viatu, na hakuna aliyepiga hodi. Wewe ulikuwa unavua ndala, unazishika mkononi, unasema, "Hodi, wenyewe," kama unaingia ndani kwa watu. Mama akakataa kukanyaga pale. Na mimba yake imefika mwezi wa mwisho, mkunga yuko ng'ambo, njia nyingine hakuna. Nikamweleza tena. Akaniambia, "Hayo mapembetatu yako yanabeba lori. Na mama yangu je, yanambeba?"



Jana alasiri miguu ilimvimba, kichwa kikamgonga. Akajifunga kanga, tukaenda. Ukingoni akavua ndala, nami nikavua viatu vya shule. "Hodi, wenyewe." Hatukufika mbali ukaanza, nyuma yetu. Hatua mbili, fimbo. Sikugeuka. Mama alinishika mkono mpaka ukauma, akasema, "Shikamoo, mama. Twende basi."

Hukukoma katikati. Ulitufuata mpaka ng'ambo.

Mkunga alisema presha imepanda, ila tumewahi. Amembakiza kule. Nilirudi peke yangu, na daraja lilikuwa kimya kabisa. Nilisimama katikati nikasikiliza. Kimya. Kwa hiyo najua uko wapi.

Kaa naye, Bibi. Mshike mgongo kama ulivyokuwa unamshika. Mtoto akianza kutembea nitamfundisha kuvua ndala na kupiga hodi, nakuahidi, hata watoto wenzake wakimcheka.

Ila akizaliwa usimwite. Waache wote wawili wavuke kurudi huku kwetu.

Lala salama.

Mjukuu wako,
Zuhura