Nilimkana Baba Mlangoni, Sasa Jiji Linamleta na Kipaza Sauti

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa nimejifungia chumba cha cherehani, na ninachokuomba ni unishike mkono kabla Jumamosi haijafika, kwa sababu Jumamosi gari la matangazo la jiji litapita mtaani kwetu na ndani yake atakuwemo baba yangu mzazi, na katika mtaa mzima mimi peke yangu ndiye ninayeomba lisije.

Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, na tuna binti mmoja. Baba amekuwa akiishi nasi tangu mama alipofariki. Zamani alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mtu wa utani sana, hawezi kupishana na mtu njiani bila kumsalimia na kumuuliza leo amekula nini. Korona ilipoingia, halmashauri ya jiji ikafunga soko na kuwahamishia wachuuzi uwanja wa mpira, kila mmoja ndani ya mraba wake wa chokaa, ikaweka matangi ya maji na sabuni kwenye vituo vyote vya basi, halafu ikatafuta mafundi wa kushona barakoa, na mimi nikawa mmoja wao. Nilishona mpaka mgongo ukagoma, baba akikata lastiki na kupiga pasi huku anaimba, na watu wakaanza kuniita Mama Barakoa, na jiji likabandika picha yangu kwenye ubao wake wa matangazo kama raia wa kuigwa, nami nikavimba kichwa, sikufichi.

Basi baba akaanza kukohoa. Mshauri, najua nilichopaswa kufanya, maana tangazo la kutoa taarifa ya kila anayekohoa lilikuwa likipita mtaani kila asubuhi, lakini niliwaza jinsi jiji litakavyonipokonya kazi, nikawaza majirani, nikamwambia baba akikohoa aweke mto mdomoni, na yeye akaweka. Mwenyewe ndiye aliyesema anakwenda kunyoosha miguu, akatembea mpaka kituo cha basi, kwenye tangi, pale wauguzi wa jiji walipokuwa wakipima watu joto, akawaambia ana homa na nyumbani kwao kuna barakoa za watu.

Walikuja mchana kweupe na king'ora, wamevaa nguo nyeupe kutoka utosini mpaka unyayoni, wakanyunyizia dawa mlango, wakabeba barakoa zote kwenye mifuko, wakapaka ukuta alama nyekundu, wakaondoka bila kumweleza jirani hata mmoja maana yake ni nini. Mimi na binti yangu tulipimwa tukaonekana wazima, lakini nani alijali, nikifika bombani watu wanaacha ndoo zao, mwenye duka ananiwekea chenji chini sakafuni. Mama mwenye nyumba akasimama mbali akaniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba yeye ana mama mzee ndani, na yule baba yangu akirudi hapa basi tuhame wote. Si mtu mbaya, ndiye aliyenipokea nilipojifungua. Alikuwa na hofu tu, kama mimi.

Baba akalazwa ukumbi wa jiji, ule ule wa sherehe za harusi, wameondoa viti na kupanga vitanda. Nilikuwa nampigia simu. Alikuwa anahema kwa shida lakini analalamikia supu, anasema wapishi wao wanaogopa chumvi kuliko korona. Siku nyingine hakuweza kuongea, muuguzi akawa ananisomea hali yake, na mimi nikilia huku nimeziba mdomo ili jirani asisikie.

Kisha akapona. Jiji halikunipigia simu kwanza, nilisikia tu honi nje. Lilikuwa basi dogo la halmashauri linalorudisha waliopona, na bwana afya aliyekuwa ndani sikuwahi kumwona kabla ya siku hiyo. Baba akashuka, amekonda, suruali ameifunga kwa kamba, mkononi mfuko wa plastiki, anatabasamu. Watu walikuwa madirishani. Mama mwenye nyumba alikuwa barazani kwake, ameshika fagio na hafagii. Bwana afya akawatangazia wote kwamba mzee huyu amepona, haambukizi mtu, halafu akanigeukia mimi niliyesimama mlangoni.

"Mama, mzee anaishi hapa?"

Mshauri, nilimwangalia mama mwenye nyumba, halafu nikasema, "Hapana, haishi hapa."

Bwana afya akachanganyikiwa, akauliza kama mimi si mwanawe. Nikasema, "Tunafahamiana tu."

Mtaa mzima unajua yule ni baba yangu na hakuna aliyefungua mdomo. Baba aliniangalia, si kwa muda mrefu, wala si kwa hasira, ningefurahi angekasirika. Akageuka akamwambia dereva, "Tumekosea nyumba, mwanangu. Turudi." Ile "mwanangu" alimwambia dereva.

Alirudi ukumbini, na kwa kuwa wapishi wengi walikuwa wamekimbia, wakamvisha aproni akaingia jikoni, na nasikia wagonjwa sasa wanamaliza sahani. Mimi nikamwambia binti yangu babu yake amekwenda kwa mjomba. Mume wangu, ambaye mipaka ilipofungwa alikwama huko njiani na lori lake, nikamwambia kwenye simu kwamba mzee bado anatibiwa. Nilidhani nitapata siku ya kurekebisha mambo mwenyewe polepole. Nimeenda mpaka geti la ukumbi, nikasimama ng'ambo ya barabara, nikarudi.

Sasa jiji limegundua kwamba waliopona wanakataliwa na ndugu zao, kumbe siko peke yangu, na badala ya kuendelea kutangaza kunawa mikono tu, linawazungusha waliopona mitaani wazungumze na watu. Baba ndiye wanayempenda kuliko wote. Nilimtuma binti yangu uwanjani kununua vitunguu, akarudi mbio bila vitunguu, akasema, "Mama, babu yuko kwenye gari la jiji, anachekesha watu." Halafu akaniuliza kwa nini nilisema yuko kwa mjomba. Nilimwambia aende akanawe. Tangu hapo akiniongelesha ni kwa jambo la lazima tu.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni hili. Mteja wangu wa mtaa wa pili alimsikia, akaja kunisimulia bila kujua ni nani. Alisema mzee anawaambia watu kwamba aliyepona anataka kitu kimoja tu, aitwe kwa jina lake mlangoni. Mtu mmoja akamuuliza, "Na wewe mzee, ulipokelewaje?" Akajibu, "Binti yangu alinipokea vizuri sana. Ni mimi tu nimenogewa na kazi."

Nilishika kitambaa mkononi, sindano ikanichoma na sikuisikia.

Sasa atakuja kusema maneno hayo hapa, mbele ya watu walioona kwa macho yao. Ama aseme uongo na wote wajue anadanganya kwa ajili yangu, ama aseme kweli. Mume wangu mipaka imemfungulia, anafika Ijumaa, na ameshanunua viatu vya kumletea mkwe wake. Juzi nilipopeleka barakoa pale halmashauri, maana kazi hawakuninyima, nilimwambia mama anayepanga ratiba kwamba mtaa wetu ni mwembamba na una mashimo, gari halitapita. Aliniangalia akasema, "Lori la taka linapita kila wiki, gari dogo litashindwaje?"

Nishauri. Nimchukue mtoto tuondoke Jumamosi mpaka gari lipite? Au nimtumie baba ujumbe, nimwombe mtaa huu auruke, kwa heshima yangu na yake? Sina uso wa kumtazama.

Ni mimi, mwenye haya.

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye haya, pole. Na ukishaipokea hiyo pole iweke pembeni, maana nina maneno na Jumamosi haipo mbali.

Nianze na yale ambayo si mzigo wako peke yako. Jiji liliingia mlangoni kwako na king'ora na rangi nyekundu, likaondoka bila kumweleza mtu, halafu likamrudisha mgonjwa kwa honi kama linashusha gunia. Waliopanga hayo wangekaa kitako na mama mwenye nyumba kwa muda wa kunywa chai moja tu, pengine leo usingekuwa unaniandikia. Majirani nao walikuwa na midomo. Ulibanwa, naelewa. Hofu ya siku zile tuliijua sote, na mimi ninayekujibu nilikuwa nikipokea mkate kwa kuning'iniza kikapu dirishani.

Lakini baba yako alikuwa amesimama pale amekonda, anatabasamu, na wewe ukasema mnafahamiana tu. Hilo ni lako. Usinitafutie maneno laini ya kulifunika, wala usijitafutie. Na ule mto uliomwambia aweke mdomoni pia ni wako. Yule mzee alikuwa na homa, akatembea kwa miguu yake kwenda kuwalinda watu wasiojulikana ambao wangevaa barakoa zako. Picha iliyostahili ule ubao wa matangazo ni yake, si yako.

Unaniuliza kama umtumie ujumbe auruke mtaa wenu. Dada, soma tena ulichoandika. Aliposema wamekosea nyumba, alikuwa anakuokoa mbele ya watu. Aliposema ulimpokea vizuri, alikuokoa mara ya pili, wewe hata hupo. Sasa unataka akuokoe mara ya tatu, na safari hii kwa kuomba? "Heshima yangu na yake" umeandika. Heshima yake iko salama, anaipika kila siku kwenye sufuria za ule ukumbi. Unayoihangaikia ni yako, na ile huwezi kuiokoa kwa kujificha, kwa sababu anayekuona zaidi ni mtoto wako, na yeye amekwisha kuelewa.

Na kuondoka Jumamosi hapana. Utamkana tena, tofauti ni kwamba safari hii mlango utasema badala yako.

Sasa nisikilize. Leo, si kesho, mpigie mume wako. Umwambie yote, na lile neno ulilolisema mlangoni ulitamke lilivyo. Atakasirika, mwache akasirike akiwa njiani, kuliko afike na viatu mkononi akaanza kuuliza mzee yuko wapi. Ukikata simu, kaa na binti yako chini, umwambie ulidanganya na kwamba uliogopa. Usimpe hotuba. Watoto wanaweza kumsamehe mzazi mwoga. Kumsamehe mzazi anayewafanya wajinga ndiko kunakowachukua miaka.

Kisha nenda kwa mama mwenye nyumba na umwambie baba yako anarudi kama atakubali. Umeniambia si mtu mbaya, basi mpe nafasi ya kuonyesha hivyo. Akisita, kamwite bwana afya aje amweleze polepole, barazani, bila king'ora. Hiyo ni kazi yake na analipwa kwayo. Akikataa kabisa, mtatafuta nyumba nyingine. Wewe una cherehani, mume ana lori, mtapata pa kulala.

Kesho uende ukumbini. Umesimama ng'ambo ya barabara vya kutosha, sasa vuka. Nenda mikono mitupu, usimbebee zawadi ya kumziba mdomo. Usianze na mama mwenye nyumba, wala na kazi, wala na jinsi ulivyoteseka, hayo anayajua na hayakumzuia yeye kwenda kwenye tangi. Sema, "Baba, nilikukana, naomba unisamehe," halafu unyamaze. Na tafadhali, jikaze. Usilie mpaka mgonjwa aliyepona aanze kumbembeleza mzima. Akitaka kukaa kimya, kaa kimya naye. Akitaka kukutania, cheka.

Labda atakuambia yameisha, twende nyumbani. Wazazi wengine ndivyo walivyo, wanatutoza kidogo mno. Labda atakuambia amesamehe lakini anabaki jikoni kwake, na hapo ndipo utajaribiwa kweli, maana utataka arudi ili watu waone amerudi. Usimvute. Huyo si mfuko wa barakoa wa kuchukuliwa na kurudishwa. Ana kazi, ana watu wanaomsubiri na sahani, na kwa mara ya kwanza tangu awe mjane ana pa kwenda asubuhi.

Lakini gari litafika Jumamosi, arudi asirudi, na mtu atauliza mzee ulipokelewaje, maana watu huuliza. Usimwachie yeye swali hilo. Uwe umesimama mbele, mume wako na binti yako wakiwa kando yako, na ujibu wewe kabla hajafungua mdomo: huyu ni baba yangu, alirudi akiwa mzima, na mimi nilimfukuza. Sema kwa sauti ya kumfikia mtu wa dirisha la mwisho. Utaaibika, ndiyo. Utaaibika mchana, mbele za watu, mara moja, na baba yako hatalazimika tena kudanganya.